Kuchelewa alisamehewa, kupanda ndege hakusamehewa

Familia walipokuja na hili faili kila mmoja kidole kilikuwa kwenye barua moja, ile inayosema rufaa yake ya kibali cha kukaa Uingereza imeingia nje ya muda, wakiamini hapo ndipo kijana wao alipoharibikiwa. Wala si hapo. Zile siku tisa za kuchelewa jaji alishazisamehe kitambo, na karatasi yake imo ndani ya faili hilo hilo huko chini, ila hakuna aliyeisoma mpaka mwisho. Kilichoimaliza rufaa ni tiketi ya ndege ya kuja Mombasa kwenye msiba wa mama, na hicho hakuna hata mmoja aliyekitaja kama tatizo, na ukiniuliza mimi kama mtoto wa mtu sitakiita kosa, lakini sheria ya Uingereza haikuuliza hilo.

Naandika kwa idhini ya wenyewe. Majina siweki, na mambo mawili matatu ya nyumbani nimeyageuza ili jirani asimtambue, ila upande wa sheria sijagusa kitu. Mimi si wakili wa Uingereza, kazi yangu ni kupanga mafaili ya watu hapa mjini yasomeke kabla hayajamfikia wakili wa huko, na faili likija limevurugika kama hili nalianza upya kutoka karatasi ya kwanza kwa tarehe, hata mwenyewe akininunia.

Kijana ni wa Kibokoni. Alimuoa binti ambaye wazazi wake ni watu wa hapa hapa lakini yeye amekulia Leicester na ni raia wa Uingereza, ndoa wakafunga hapa, cheti safi, na mwanzo wa 2022 akaingia kule kwa viza ya mume. Viza hio ya kwanza huwa ni ya miezi 33. Ishike hio 2022 kichwani maana itakuja kuuma huko mbele. Muda ulipokaribia kwisha akaomba kuongezewa, kwa wakati kabisa, kupitia mshauri mmoja wa huko. Kiwango cha mapato alichotakiwa kuonyesha ni kile cha zamani, pauni 18,600 kwa mwaka, kwa sababu walioingia kwenye njia hio kabla ya tarehe 11 Aprili 2024 waliachiwa kiwango chao hata baada ya wapya kupandishiwa mpaka 29,000. Na ukiwa ndani ya nchi na ruhusa ya kazi, mshahara wako na wa mkeo vyote vyahesabiwa. Mke alikuwa yuwafanya kazi nusu siku, yeye ana kazi ya ghala na nyengine ya gereji jioni, ukijumlisha wanavuka bila shida.

Tabu ikawa ni hio gereji. Alikuwa analipwa pesa mkononi, karatasi za mshahara zipo lakini pesa zenyewe hazionekani kwenye stetimenti za benki, na Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza inayoamua viza, wanataka vyote viwili vilingane mwezi kwa mwezi. Wakaikata gereji kwenye hesabu, jumla ikashuka chini ya kiwango, ombi likakataliwa. Halafu kuna la mtoto. Ombi likiwa bado linasubiri mkewe alijifungua, mtoto wa kike, raia kwa kuzaliwa kwa sababu mamake ni raia, na hakuna aliyewaandikia Home Office kuwajulisha. Barua ya kukataa inasema kavukavu kwamba mume na mke hawa hawana mtoto, na siku inaandikwa huyo mtoto ashaanza kukaa.

Sasa muda. Barua ilitumwa kwa imeili ya mshauri, si ya kijana. Ukiwa ndani ya Uingereza unapewa siku 14 za kukata rufaa na zinahesabiwa tangu siku waliyoituma barua, sio siku uliyoifungua. Ukiwa nje ni siku 28 tangu uipokee, na hii tofauti tutaihitaji mwishoni. Siku ya mwisho ikiangukia wikendi unasogezwa mpaka siku ya kazi inayofuata, lakini hapa haikusaidia kitu, mshauri alikuwa likizo na ile barua akaifowadi siku ya 19. Kijana kuiona, kukosa usingizi, kutafuta wakili mwengine, kulipa pauni 140 za rufaa ya kusikizwa mbele ya jaji (ile ya makaratasi matupu ni 80), ikaingia siku ya 23.

Wengi wakifika hapa hukunja mkeka. Wanaambiwa na rafiki kwamba muda ukipita ndio basi, wanakaa bila kibali, miaka inaenda. Kumbe kanuni za ile mahakama ya uhamiaji, zile za 2014, zina kanuni ya 20 ambayo kazi yake ni hii hii tu: rufaa ikichelewa, uiwasilishe pamoja na ombi la kuongezewa muda na sababu kwa nini haikuja mapema. Hata ukisahau kuweka hilo ombi mahakama haiitupi kimya kimya, yatakiwa ikuandikie kwamba inaona umechelewa, nawe ujibu ama kwamba hujachelewa ama kwamba waomba muda uongezwe. Kwa hivyo nafasi ya kujieleza ipo, suala ni utaeleza nini.

Na hapa ndio wakili wake mpya alionyesha ujuzi. Ndani ya faili mna rasimu mbili za maelezo ya kijana. Ya kwanza aliandika mwenyewe usiku, kurasa mbili, inaumiza kuisoma, na karibu yote ni kwamba hakuwa na pesa ya wakili, kwamba hakujua sheria, kwamba mtoto mdogo alikuwa mgonjwa. Ya pili ni nusu ukurasa. Inasema barua ilitumwa tarehe fulani kwa anwani ya mshauri, mshauri aliifowadi tarehe fulani saa tatu na dakika kumi asubuhi, mimi nilijibu imeili hio saa tatu na nusu nikiuliza ni nini hii, keshoyake nilipiga simu kwa mawakili wawili, siku ya nne rufaa ikaingia. Imebandikwa skrinshoti ya imeili yenyewe, saa na tarehe zote mbili zinaonekana juu, ya Home Office kwa mshauri na ya mshauri kwa kijana, na kati yao ni zile siku 19 hakuna neno limeandikwa. Nyuma yake ule ujumbe wa likizo unaojibu wenyewe.

Kwa nini ile ya kwanza ilitupwa? Kwa sababu majaji wa kule wakiombwa kuongeza muda wanapitia hatua tatu zilizotoka kwenye kesi ya Denton ya 2014, kesi ambayo wala si ya uhamiaji, ni ya madai ya kawaida, lakini mwaka huo huo Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Hysaj ikasema mtindo huo utumike na kwa mambo ya uhamiaji. Kwanza, kuchelewa kwenyewe ni kukubwa kiasi gani. Pili, sababu. Tatu, hali yote kwa jumla. Na kwenye Hysaj walisema wazi kwamba kukosa pesa si sababu nzuri, na kutokuwa na wakili peke yake si sababu nzuri. Yaani kile ambacho mtu wetu huandika kwanza, kwa uchungu wa kweli, ndicho chenye uzito mdogo. Walisema pia kwamba uzuri wa rufaa yenyewe kwa kawaida hauangaliwi sana kwenye hatua hii, isipokuwa ikiwa ni imara mno au ni dhaifu mno na hilo laonekana bila kuchimba. Kwa hivyo wakili hakumwaga hoja zote, aliweka mstari mmoja: kuna mtoto raia, cheti cha kuzaliwa hiki hapa.

Jaji akaongeza muda. Amri yake ni fupi, siku tisa si nyingi, sababu imethibitishwa, kijana hakulala nayo. Kitu kimoja tu alichobaki nacho ni pengo. Kibali chake kilikuwa kinaendelea kwa nguvu ya sheria wakati ombi linasubiri na wakati siku za rufaa hazijaisha, kile kifungu cha 3C cha sheria yao ya uhamiaji ya 1971, na siku 14 zilipokwisha bila rufaa kikakatika. Rufaa ya kuchelewa ikikubaliwa kibali kinaendelea kwenda mbele, hakirudi kufukia siku za nyuma. Siku hizo chache alikuwa hana kibali, basi, hilo hakuna wa kulifuta na huko mbele kila fomu itakayouliza atalijibu kama lilivyo.

La mtoto nalo lilikuwa na kizingiti chake, maana lilikuwa jambo jipya ambalo Home Office hawakulifikiria kwenye uamuzi wao, na jambo la aina hio mahakama haiwezi kuligusa mpaka Home Office wenyewe wakubali. Wakaulizwa, wakakubali. Nalipita haraka lakini sio dogo, kuna watu wamefika mbele ya jaji na hoja yao kubwa ikafungiwa nje kwa sababu hii.

Kwa hivyo hali ilikuwa nzuri, na sisemi hivyo kwa kufariji. Sheria yao nyengine ya uhamiaji, ya 2002, kifungu cha 117B, inasema maslahi ya umma hayahitaji mtu kutolewa nchini ikiwa ana uhusiano wa kweli wa mzazi na mtoto ambaye ni raia, na haingekuwa busara kumtarajia mtoto huyo ahame Uingereza. Baba anaishi na mtoto, anampeleka kliniki, mamake yuko kazini mchana na yeye ndiye anayebaki naye, barua za daktari zipo. Wakili wake alimwandikia kwamba anaona nafasi ni kubwa. Tarehe ya kusikizwa ikatoka, wiki sita mbele.

Halafu mama akafariki.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Alhamisi. Simu ilipigwa na ami yake, na ami mwenyewe ndiye aliyenisimulia, hakuficha. Alimwambia, "Njoo mwanangu, mamako ana mtoto wa kiume mwengine mmoja tu, watu watasema nini. Tiketi nakukatia mimi, ya kwenda na kurudi, siku kumi uko kwako. Hukuhama, umekuja msibani." Kijana akamtumia wakili ujumbe saa saba za usiku kuuliza kama anaweza kusafiri. Ofisi imefungwa. Asubuhi saa kumi na mbili alikuwa uwanja wa ndege. Jibu la wakili, herufi kubwa, USISAFIRI, NIPIGIE, liliingia simu ikiwa imezimwa angani.

Na maziko hakuyawahi. Sisi maiti hatumlazi, mama aliswaliwa baada ya Alasiri siku hio hio ya Alhamisi akazikwa Kikowani, kijana alitua Ijumaa. Alichokiwahi ni hitma. Nalisema hili kwa sababu watu wa nje wakisoma kisa watafikiri alikuwa na hesabu ya kupima, kumzika mama au kulinda rufaa, na hesabu hio haikuwepo, kumzika haingewezekana hata kwa ndege gani.

Kifungu kinachohusika ni cha 104, kijisehemu cha nne, sheria hio hio ya 2002. Kinasema rufaa iliyofunguliwa na mtu akiwa ndani ya Uingereza itahesabiwa kuwa imeachwa mwenyewe akitoka Uingereza. Ni hivyo tu. Hakuna neno kuhusu nia, hakuna neno kuhusu sababu, hakuna muda wa chini, haijasema akitoka kwa zaidi ya siku kadhaa. Jaji hapewi nafasi ya kupima chochote kwa sababu hakuna kinachoombwa kwake, rufaa imeisha yenyewe, kazi ya mahakama inabaki kuwaandikia pande zote mbili ilani kwamba imeisha. Ile siku tisa ilikuwa mbele ya mtu mwenye kusikiliza. Hii haina mtu. Na kile kibali cha 3C nacho kinakufa mtu akitoka nchini, kifungu chenyewe chasema hivyo, kwa hivyo ndege ilipopaa alipoteza viwili kwa pamoja.

Hakulijua hili mpaka anarudi. Pale uwanja wa ndege wa Moi, siku ya kurudi, begi lishapimwa, dada wa kaunta akaingiza pasipoti, akangoja, akaingiza tena. Siku hizi hakuna kadi ya kuonyesha, zile kadi za kibali ziliondolewa mwisho wa 2024 na kila kitu ni viza ya mtandaoni, kwa hivyo kampuni ya ndege yaona kile Home Office wanachoiruhusu ione. Dada akaigeuza skrini kidogo ili naye aone, akamwambia kwa upole, "Kaka, hapa yaniambia nisikupandishe." Na hatampandisha, kampuni ikimfikisha mtu asiye na ruhusa inaweza kutozwa pauni 2,000 kwa kila kichwa. Begi likarudishwa.

Hapo ndipo faili likaja kwangu, likibebwa na kaka yake mkubwa na huyo ami. Wamekuja na wazo lao tayari, na ni wazo la mtu mwenye akili. Kaka akasema, "Si tuliandika maelezo mara ya kwanza wakasamehe? Basi tuandike tena. Twende kwa kamishna wa viapo hapo Digo Road, aape kwamba rufaa hakuiacha, tuambatanishe cheti cha kifo na hio tiketi ya kurudi."

Nkamwambia, "Kaka, kiapo hicho kitakuwa cha kweli kila neno, na hakitabadilisha kitu."

Ami akakasirika. "Kwani wao hawana mama?"

"Wanao ami. Lakini mara ile alikuwa anaomba, na mwenye kuombwa yuko. Sasa hivi tutamuomba nani? Jaji hakukataa kitu."

Tulikaa hapo kwa muda. Ami alitaka kujua kama tiketi ya kurudi si ushahidi kwamba hakukusudia kuacha, nami nikamwonyesha kifungu kwenye simu nikamtafsiria polepole, akaniambia nirudie, nikarudia. Ukweli ni kwamba pangekuwa na la kusema kama ilani ya mahakama imekosea jambo lenyewe, kwa mfano wamesema ametoka nchini na hakutoka, au rufaa ni ya aina nyengine isiyo chini ya kifungu hicho. Hapa ametoka, muhuri wa Kenya uko kwenye pasipoti.

Niweke na hili kwa sababu limewatafuna wengine. Wiki hio hio kuna mtu hapa mjini, ofisi ina kiti kimoja na bango kubwa, alishaahidi familia "kufufua rufaa" kwa pesa ambayo ningeitaja mngecheka. Angefanya nini hasa? Angeandika kile kile kiapo. Na kule Uingereza mtu kufanya biashara ya kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuwa wakili au kusajiliwa ni kosa la jinai, kuna mamlaka ya kusimamia hilo, ilikuwa ikiitwa OISC na tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority, orodha yao iko wazi mtandaoni unatafuta jina bure. Yule mshauri wa kwanza aliyekuwa likizo alikuwemo kwenye orodha, kwa hivyo simli nyama, likizo ni haki yake, ila anwani ya imeili ya mtu mmoja tu kwenye fomu ya familia nzima mimi siipendi hata siku moja.

Je angeweza kufanya nini siku ile? Wakili wake alisema, na mimi naona hivyo, kwamba kitu pekee kilichokuwepo ni kubaki, kuiandikia mahakama asubuhi hio hio akiomba kesi isogezwe mbele kwa dharura, na kufuatilia hitma kwa simu. Ruhusa ya kusafiri ukiwa na rufaa ya aina hii haipo, hakuna fomu yake, hakuna wa kuitoa. Ni chaguo gumu na nisingependa kuwa mimi ndiye wa kumwambia mtu saa saba za usiku. Lakini angeambiwa siku rufaa inafunguliwa, si siku ya msiba, pengine angejipanga na familia ingejua. Kwenye barua ya wakili ya mwanzo lile onyo limo, ukurasa wa tatu, sentensi moja katikati ya maelezo ya ada.

Sasa kilichofanyika. Kwanza wakili aliiandikia mahakama ukweli kabla haijaulizwa, tarehe aliyotoka na kwa nini. Si kwa kutafuta huruma, ni ili siku ofisa mwengine atakapofungua rekodi yake akute mtu aliyesema mwenyewe. Ilani ikaja, rufaa imefungwa.

Pili, ombi jipya kutoka huku, viza ya mume tena, na hapa ndio ile 2022 inapouma. Kile kiwango cha 18,600 kilikuwa ni cha mtu anayeendelea na kibali chake cha zamani akiwa kule. Yeye kibali kimekufa, anaomba upya kutoka nje, kwa hivyo anaingia kwenye 29,000. Na ukiwa nje, mshahara wako wa kule hauhesabiwi tena, ni wa mke peke yake. Mkewe sasa amerudi kazi ya kutwa kwenye nyumba ya wazee, anapata 24,000 na kidogo. Zaidi ya hapo ada ya ombi, iliyopandishwa Aprili 2025 ikawa 1,938, na ile ya afya iliyokuwa 1,035 kwa kila mwaka ambayo kwa miezi 33 ikafika 3,105. Ami alipoona jumla aliivua kofia akaiweka juu ya meza.

Halafu ile hoja ya mtoto, iliyokuwa panga lao, imepungua makali. Kifungu cha 117B kinazungumzia mtu kutolewa nchini. Yeye tayari yuko nje, hatolewi popote. Mtoto bado ana uzito, maslahi yake lazima yaangaliwe, lakini sasa inabidi kupitia mlango wa mazingira ya kipekee kwenye kanuni za familia, ambapo mapato yakipungua ofisa anatakiwa aangalie kama kukataa kutaleta ukali usio wa haki kwa familia, hasa kwa mtoto, na hapo ndipo anaweza kukubali kutazama vyanzo vyengine vya pesa ambavyo kwa kawaida havihesabiwi. Kwa hivyo faili tulilolipanga ni zito upande huo: barua ya kliniki inayosema nani alikuwa anamleta mtoto, barua ya mwajiri wa mke kwamba hawezi kuongeza zamu kwa sababu hana wa kumwachia mwana, risiti za mlezi wa kulipwa tangu baba aondoke, akiba ya benki yenye chanzo kinachoeleweka, ahadi ya maandishi ya kakake mke na stetimenti zake za miezi sita. Video za mtoto akimuita baba kwenye simu familia walitaka kuziweka, tukaweka rekodi za simu tu kwa tarehe. Ofisa hatazami video.

Mambo madogo yaliyookoa pesa: walikuwa washaweka pesa ya kipimo cha kifua kikuu Nairobi, na kweli muombaji wa Kenya anayekwenda zaidi ya miezi sita anatakiwa kipimo, lakini mtu aliyekaa miezi sita au zaidi kwenye nchi ambayo watu wake hawatakiwi kipimo hicho na hajatoka huko zaidi ya miezi sita hahitaji. Yeye bado yumo. Kwa hivyo haraka ikawa na maana, ombi liingie kabla miezi sita haijatimia.

Na lile pengo la kukaa bila kibali tumeliandika. Ami alipendekeza tuliruke, "ni siku tisa tu, jaji alishasamehe." Alichosamehe jaji ni kuchelewa kwa rufaa, kukaa bila kibali ni jambo jengine, na swali la fomu liko wazi. Siku zilizosemwa zina maelezo na amri ya jaji nyuma yake. Siku zilizofichwa zikionekana ni udanganyifu kwenye ombi, na hio inaweza kumfungia mtu miaka kumi.

Ombi limeshaingia, alama za vidole ametoa Nairobi, alipanda treni ya usiku akarudi na ya asubuhi. Kwenye fomu imewekwa imeili yake mwenyewe, na mkewe ana neno la siri. Wakikataa ana siku 28 tangu aipokee barua, rasimu ya sababu za rufaa wakili ashaianza, na rufaa hio itakuwa imefunguliwa akiwa nje, kifungu cha 104 cha kutoka nchini hakiigusi, kwa hivyo hata akitaka kwenda Lamu kwa Maulidi au kuvuka Tanga kwa shangazi yake, aende.